Hotpoti lilirudi tupu, kumbe binti yangu hali

Kwa miezi miwili hotpoti la binti yangu lilikuwa likirudi nyumbani tupu, na mimi nikiliosha kwa furaha. Niliamini mwanangu, aliye kidato cha pili hapa Dar es Salaam, anakula vizuri shuleni. Hadi siku mwalimu wake wa darasa aliponipigia simu: "Mama, njoo. Mtoto ameanguka mstarini."

Kumbe chakula chote alikuwa akimpa rafiki yake. Yeye alishindia maji.

"Nataka kupungua, mama," alisema tukiwa kwenye bajaji kwenda zahanati.

"Nani kakwambia umenenepa?"

Alinyamaza kwa muda. Kisha akajibu, "Wewe."

Nikakumbuka. Sikukuu ya Idi, mbele ya shangazi zake, nilimpokonya sahani ya pilau nikisema, "Bonge, waachie na wenzio." Watu walicheka. Naye alicheka, nikadhani yameisha.

Zahanati walimpima, damu ilikuwa pungufu. Muuguzi alinieleza kwa upole kwamba mtoto wa miaka 15 bado anakua, hivyo hatakiwi kushinda njaa. Kwa umri ule, mara nyingi inatosha uzito usiongezeke haraka. Tena msichana hupoteza madini ya chuma kila mwezi, hivyo maharage, dagaa na mboga za majani ni vyake hasa.

Nilirudi nyumbani na ari, nikaharibu tena. Wiki ya kwanza nilimfungia kabichi ya kuchemsha na tango tu. Akirudi jioni anamaliza nusu mkate kwa chai yenye sukari. Nilitaka kumgombeza, nikajizuia. Tumbo lililonyimwa mchana lazima lidai jioni.

Ndipo tulipokaa mezani, tukapanga pamoja. Jumatatu viazi vitamu vya kuchemsha, maharage na mchicha. Jumanne wali kiasi, dagaa na bamia. Jumatano ndizi za kupika na nyama kidogo. Alhamisi mihogo ya kuchemsha, si ya kukaanga, pamoja na yai na kachumbari. Ijumaa anachagua mwenyewe. Huchagua chapati, nampa moja na kunde za kutosha.

Kila siku namwekea chungwa au kipande cha papai, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia, hivyo anakunywa maji. Asubuhi nasuuza hotpoti kwa maji yanayochemka kabla ya kupakua, na chakula kinaingia kikiwa cha moto. Kwa joto la mji huu, maharage ya vuguvugu hayafiki saa saba salama.

Soda sikumkataza. Soda nyingi za mililita 350 zina zaidi ya gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Nilivipima kwenye glasi mbele ya familia nzima. Wa kwanza kuacha alikuwa baba yake. Na hiyo ndiyo ilimsaidia zaidi binti yangu: sote tunakula anachokula yeye, hakuna sufuria ya "mnene" pembeni.

Kigumu zaidi kilikuwa mdomo wangu. Nilimwomba msamaha, nikawapigia simu wifi zangu mmoja mmoja kuwaambia kwamba jina lile limekufa. Wawili walinuna. Waache wanune.

Sasa ni miezi sita. Sketi ya shule imepwaya kidogo kiunoni, lakini mizani nyumbani hatuna na hatununui. Damu imepanda. Hajaanguka tena.

Mzazi mwenzangu, kabla hujapunguza chakula kwenye hotpoti la mwanao, muulize kwanza kama kile unachompakulia kinafika tumboni kwake. Na ujiulize ulimwita jina gani mara ya mwisho mbele za watu.

Juzi hotpoti lilirudi na vipande viwili vya kiazi. Zamani ningekuja juu.

"Nilishiba, mama," aliniambia.

Nilimwamini.