Chanda Chema na Vidole Vingine

Wahenga walisema kuwa chanda chema huvikwa pete. Wahenga hao hao walisema pia kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hizi mbili zimekaa katika lugha moja muda mrefu bila ya kugombana, kwa sababu aghalabu hazisemwi siku moja. Ya kwanza husemwa siku ya tuzo, ya pili husemwa siku ya kazi. Lakini iko nyumba moja ambamo hukutana kila mwaka, na zikutanapo huulizana swali gumu. Nyumba hiyo ni hospitali. Swali lenyewe ni hili: ikiwa kazi ilifanywa na vidole vyote, ni kipi kivikwe pete?

Swali hili laweza kuulizwa popote penye wagonjwa na wauguzi, lakini katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, lina uzito wa pekee. Huko hospitali za mashirika ya dini, zisizotafuta faida, zimebeba sehemu kubwa ya mzigo wa tiba tangu zamani. Juu milimani, katika nchi ya Wamatengo, iko hospitali ya Litembo, ambayo ni ya Jimbo Katoliki la Mbinga lililoundwa mwaka 1986. Chini ufukoni iko hospitali ya Mtakatifu Anna ya Liuli, ya Kanisa la Anglikana, iliyotokana na kazi ya misheni ya UMCA. Kati ya milima na ziwa nchi huteremka kwa ghafula. Vilele vya Umatengo hukaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ziwa Nyasa yako chini ya mita 500. Zamani safari ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay wakati wa masika ilikuwa ni mashaka ya matope na makorongo. Barabara ya lami ya kilomita zipatazo 66, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, imepunguza mashaka hayo, lakini lami haifiki katika kila kijiji. Wako wagonjwa ambao bado hutolewa bondeni kwa machela au kwa pikipiki, na wengine huletwa kwa mtumbwi. Basi kabla daktari hajamgusa mgonjwa, mikono mingi imekwisha kumgusa.

Historia ya tiba katika ziwa hili ina mfano unaofaa kukumbukwa. Mwaka 1899 UMCA iliundiwa meli huko Glasgow, nayo ikasafirishwa vipande vipande hata Nyasa, ikashushwa majini mwaka 1901. Ilikusudiwa kuwa hospitali, shule na kanisa lenye kuelea. Sehemu nyingi za meli ziliweza kubebwa na wapagazi, lakini boila yake, yenye uzito wa tani 11, haikuweza kugawanywa. Iliwekwa juu ya magurudumu, ikaburutwa nchi kavu kwa mwendo wa maili zipatazo 64 na Wangoni wapatao 450. Meli ilipewa jina la Chauncy Maples, askofu aliyezama katika ziwa hilo hilo mwaka 1895. Jina hilo lilistahili heshima, wala hapana mwenye haki ya kumwonea wivu marehemu. Walakini simulizi ya meli hiyo ilipoendelea kusimuliwa, askofu alibaki na jina, na wavutaji wa boila walibaki na hesabu. Tofauti ya jina na hesabu si ndogo. Mtu aliyetajwa kwa jina hukumbukwa na wajukuu wake. Mtu aliyehesabiwa hukumbukwa na karani tu.

Tabia hiyo ya kuhesabu wengi na kutaja mmoja haikuzama pamoja na karne iliyopita. Chukua mama mmoja aliyefikishwa hospitali usiku, uchungu umemshinda, akazalishwa kwa upasuaji. Asubuhi huamka akaona mtoto wake, akamshukuru daktari na muuguzi aliyesimama kando ya kitanda. Shukrani zake ni za haki. Lakini hakumwona fundi aliyewasha jenereta umeme ulipokatika. Hakumwona mhudumu aliyepitisha visu na makasi katika mvuke, wala mtu wa maabara aliyepima damu, wala dereva aliyelala na ufunguo wa gari chini ya mto. Juu ya yote hakumwona mfuaji. Mfuaji ni mtu wa nyuma ya nyumba. Shuka humjia zikiwa na damu na usaha, humtoka zikiwa nyeupe, na weupe huo huonekana kana kwamba umejileta wenyewe. Akifanya kazi yake vema hapana amtajaye. Akiacha siku mbili, vidonda huoza, wodi hunuka, na jina lake hujulikana mara moja. Ni kazi ya ajabu ambayo sifa yake ni kimya, na lawama yake ni kelele.

Tena hospitali ya mashambani si mahali pa kazi tu, bali ni kijiji. Watumishi hukaa katika nyumba za jirani, watoto wao huenda shule moja, na mmoja wao akifiwa wengine huchanga na kukesha matangani. Muuguzi aliyezaliwa mbali hujifunza maamkio ya Kimatengo milimani au ya Kinyasa pwani ya ziwa, kwa sababu bibi mzee mwenye maumivu haelezi maumivu yake barabara katika lugha ya kuazima. Jamaa za wagonjwa nao huwa wakazi wa muda. Hupika uani, hufua, huchota maji, na humgeuza mgonjwa kitandani. Katika kijiji cha namna hii watu hujuana sana. Kila mtu ajua ni nani hufika kabla ya zamu, na ni nani hutafutwa zamu ikianza. Kwa hiyo tuzo ikitolewa kwa upendeleo haidanganyi mtu yeyote. Huwaumiza wote, na humwaibisha hata aliyeipokea.

Tuzo zenyewe zina siku zake. Siku ya Mei Mosi taasisi nyingi katika Tanzania humteua mfanyakazi hodari, akapewa cheti, fedha, na pengine kitu cha kumfaa nyumbani. Siku ya 12 Mei wauguzi huvaa sare nyeupe, huwasha mishumaa, na hurudia kiapo cha kazi yao. Siku hiyo ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Dunia humkumbuka kwa taa aliyoshika usiku akipita kati ya askari waliojeruhiwa, wakati wa vita vya Crimea. Ni picha nzuri, na mshumaa wa wauguzi ni mtoto wa taa ile. Lakini alipofika Scutari mwaka 1854 alikuta uchafu mwingi kuliko giza. Mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa ni kupata nyumba, kuitia masufuria makubwa ya maji ya moto, na kuwaajiri wake za askari wafue nguo za wagonjwa. Taa imekumbukwa, masufuria yamesahauliwa. Mama wa uuguzi mwenyewe alijua kuwa mfuaji ni nusu ya tabibu. Warithi wake wasione haya kulijua hilo.

Yuko atakayesema kuwa maneno haya ni matamu lakini hayajazi chungu. Asemaye hivyo asipuuzwe, maana yuko karibu na kweli. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii Serikali ilipandisha mishahara na kuajiri watumishi wengi wa afya. Jambo hilo lilikuwa jema kwa nchi, lakini hospitali za dini zilipata pigo, kwa kuwa wauguzi wengi walihama kwenda penye mshahara mkubwa na malipo ya uzeeni yenye hakika. Hapana sababu ya kuwalaumu. Mtu mwenye watoto wa kusomesha hawezi kulipa ada kwa cheti kilichowekwa katika fremu. Mapatano ya Serikali na makanisa ya mwaka 1992 yalikusudiwa kuziweka huduma hizi chini ya mkono wa kusaidiana, na Serikali imekuwa ikiwalipa baadhi ya watumishi wa hospitali za dini. Pamoja na hayo, ubao mmoja wa zamu waweza kuwa na majina mawili ya kazi moja yenye mishahara miwili. Panapo hali hiyo, makofi ya Mei Mosi yaweza kusikika kama dhihaka. Tuzo isifanywe kitambaa cha kufunikia deni.

Hata hivyo ni kosa pia kudhani kuwa mshahara peke yake watosha. Mshahara humweleza mtu bei ya kazi yake. Haumwelezi kuwa alionekana akiifanya. Mwanadamu ana haja ya yote mawili. Wako waliobaki wenzao walipohama, ingawa hesabu iliwashauri waende. Kujulikana na watu ni sehemu ya yaliyowashika: kuitwa kwa jina sokoni, kuonyeshwa mtoto aliyekua, kuletewa maharagwe na mama ambaye mkunga alikwisha kumsahau.

Wamatengo wana kilimo kiitwacho ngoro, kilichowalisha katika miteremko yao kwa vizazi vingi. Majani hufyekwa, hupangwa juu ya ardhi kwa mistari ikatizanayo hata ikafanya miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani. Matuta hupatikana pembeni na shimo katikati. Shimo huzuia maji ya mvua yasiuchukue udongo. Majani huoza chini na kuwa mbolea. Apitaye njiani husifu maharagwe na mahindi. Mkulima hasahau majani, kwa sababu akiacha kuyafukia msimu huu, shamba litamshtaki msimu ujao.

Ndivyo ipasavyo kuwa kwa wakuu wa hospitali. Kwanza walipe kwa haki na kwa wakati, kwa sababu shukrani isiyotanguliwa na haki ni deni lililopakwa rangi. Kisha wawaulize watumishi wenyewe ni nani anayestahili, kwa kuwa mhudumu wa usiku anajua yasiyofika ofisini. Na tuzo ikienda kwa mmoja, kitabu cha hospitali kiandike majina ya wote waliofanya kazi mwaka huo, mfuaji pamoja na daktari, ili wajao baadaye wasikute hesabu mahali palipopasa kuwa na jina. Pete haina budi kukaa katika chanda kimoja, lakini mkono ukiinuliwa kuionyesha, vidole vyote na vionekane.