Meno Kwanza, Pembe Baadaye

Kazi yangu ni kuchuna na kupima nyara. Nimeifanya katika kambi za uwindaji wa kitalii bondeni Kilombero, upande huu wa Mngeta, tangu eneo likiitwa pori tengefu hadi lilipopandishwa hadhi mwaka 2023 kuwa Pori la Akiba Kilombero. Nina jambo moja la kushuhudia: kipimo tunachotumia baada ya mnyama kuanguka ndicho kinachochagua atakayeanguka msimu ujao.

Mgeni anayelipia mbogo mara nyingi anafika na namba kichwani, na namba hiyo hutoka katika moja ya njia mbili. Ya kwanza ni ya Rowland Ward, jina la London lililoanza kuchapa kitabu cha rekodi za pembe mwaka 1892. Kwa mbogo, njia hii inataka upana. Tunasimamisha mbao mbili wima, moja kila upande wa fuvu, tunahakikisha ziko sambamba, kisha tunapima nafasi iliyo kati yake. Inchi 42 ndiyo namba inayotajwa sana kambini. Njia ya pili ni ya Safari Club International ya Marekani. Hapa futi ya chuma, nyembamba kama utambi, inafuata mkunjo wa pembe kutoka ncha hii hadi ncha ile, halafu unajumlisha upana wa mashina mawili yaliyolala juu ya paji la uso.

Njia zote mbili zina umakini wake, na anayezifuata kwa uaminifu hapati inchi ya bure. Tatizo liko kwenye kile zinachokithamini. Dume la mbogo la miaka mitano au sita linaweza kuwa na pembe pana zenye ncha kali ambazo hazijalika. Ukigusa shina lake juu ya paji unakuta bado laini, na manyoya yanaonekana katikati. Huyo zamu yake ya kuzalisha iko mbele. Dume lililopita miaka kumi, lile linalojitenga na majike na kushinda kwenye matope pamoja na wazee wenzake wawili watatu, lina shina gumu lililoungana, lakini ncha zake zimesagika kwa miaka ya kuchimba udongo na kupigana. Ukiweka mbao, kijana anamshinda mzee. Njia ya Marekani humrudishia mzee kidogo kwa sababu inahesabu shina, ila nayo humkata kila ncha inapopungua. Mwindaji anayesaka inchi atamwacha mzee na kumfyatulia risasi kijana.

Kwa sheshe jambo hili linaniuma zaidi, maana huyu ndiye swala wa bonde letu. Miaka ya 1990 sheshe wa Kilombero walikadiriwa kwa makumi ya maelfu, na hakuna sehemu nyingine Afrika iliyokuwa na kundi kubwa kuliko hili. Tangu hapo mifugo, mashamba na ujangili vimewabana, ingawa bonde liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Dume peke yake ndilo lenye pembe. Unaipima kwa mbele, kutoka shina, ukipanda na mkunjo hadi ncha. Pembe nzuri sana na ya kawaida zinatofautiana kwa inchi chache tu. Kwa ajili ya inchi hizo linaangushwa dume lililo katika nguvu zake, linaloshikilia eneo lake la majani na kuwapanda majike wanaopita hapo, huku mzee aliyekwisha kufukuzwa akiachwa.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamekuwa na mjadala huu kwa muda mrefu kuhusu kulungu wao wakubwa, wale wenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Mhungaria Herbert Nadler aliwatungia kanuni inayojumlisha urefu, unene, uzito, idadi ya matawi, hata alama za uzuri. Klabu ya Boone and Crockett ya Marekani, katika utaratibu wake wa mwaka 1950, inakata alama pale upande mmoja usipolingana na mwingine, na haipimi kabla pembe hazijakauka siku 60. Lakini huko Ujerumani, wawindaji wanapokusanyika kila mwaka kuonyesha pembe, huziweka pamoja na taya la chini. Pembe inaonyesha ukubwa, taya linaonyesha umri, na wakaguzi wanajua kama mnyama alistahili kupigwa mwaka huo.

Tanzania tunalo somo letu wenyewe. Mwaka 2004 watafiti Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walionyesha kwamba ukiwinda madume ya simba yaliyokwisha kukua tu, makundi hayaporomoki, na kwamba weusi wa pua husaidia kukadiria umri. Kanuni za mwaka 2010 zikaweka miaka sita kuwa umri wa chini wa simba wa kuwindwa. Leo mwindaji bingwa anakaa na darubini anatazama pua kabla ya kuruhusu risasi. Kipimo kilibadilika, na macho ya mwindaji yakabadilika nacho.

Nataka mbogo na sheshe nao wapimwe hivyo. Kwa mbogo, gusa shina kwanza: likiwa laini, inchi zisiandikwe hata ziwe hamsini. Kisha fungua mdomo utazame gego la kwanza, ambalo huota mapema kuliko magego mengine na ndilo linalotangulia kulika; likiwa limebaki bapa karibu na ufizi, huyo alikwisha kula miaka yake. Kwa sheshe, usidanganywe na pete za pembe, kwa kuwa hazihesabu miaka. Nenda kwenye meno. Taya lioshwe, likaushwe, liandikwe tarehe na mahali, na likaguliwe pamoja na fuvu kabla nyara haijasafirishwa. Heshima ya kitabuni apewe aliyeleta mzee, hata kama ncha zimekatika.

Maji, kisu na kalamu vinatosha kwa kazi hiyo, na kila kambi inavyo. Vijana wa Mngeta wanaofuata nyayo wanaweza kuisoma midomo hiyo ndani ya msimu mmoja wakifundishwa vizuri. Niko tayari kuwafundisha.