Sifa Kwanza, Mtu Baadaye

Watu wa Mara nilisimuliwa kabla sijakanyaga kwao. Wakali, wabishi, hawana simile: ndivyo tulivyokuwa tukiambiana kule Tanga, wengi wetu bila kumfahamu hata mmoja wao. Dada yangu aliolewa huko. Aliponiomba nimsindikize binti yake kwenda Butiama kumuaga bibi yake mzaa baba, nilikubali upesi, nikijiambia kwamba sasa nitawaona hao wakali kwa macho yangu.

Mpwa wangu alikuwa amepata ufadhili wa Türkiye Bursları wa kwenda kusoma Ankara. Mwaka wa kwanza wa ufadhili huo ni wa kujifunza lugha, na yeye hakutaka kusubiri mpaka afike. Basi lilipoondoka stendi ya Nyamhongolo, Mwanza, daftari lilikuwa tayari mapajani. Somo lilikuwa kueleza watu walivyo, na mifano ilikuwa ni sisi abiria.

"Mjomba, yule kaka mrefu pale mbele," alininong'oneza. "Uzun boylu adam. Wakiwa wengi, uzun boylu adamlar. Hiyo sifa haiguswi."

Nilimwelewa polepole. Sisi tunasema mtu mrefu, watu warefu, kamba ndefu, na kivumishi kinafuata nomino yake kikiitii. Cha Kituruki hakimtii mtu. Vyote vinakaa kama hodari na maskini zetu: mtu hodari, watu hodari, basi. Tofauti ni kwamba vinatangulia. Unasema urefu kwanza, ndipo unamtaja mwenye urefu. Nikacheka kidogo peke yangu, maana ndivyo nilivyowajua watu wa Mara: ukali ulinifikia kwanza, watu wenyewe bado.

Tulipita Magu, tukapita Lamadi. Mbele ya hapo hifadhi ya Serengeti inajisogeza hadi kandokando ya lami, na upande wa kulia pundamilia walikuwa wakila majani bila kutujali. Mpwa hakuwatazama. Alikuwa amefika kwenye -li.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Boy ni kimo. Boylu ni mwenye kimo. Şapka ni kofia. Şapkalı ni mwenye kofia. Bıyık ni masharubu. Bıyıklı ni mwenye masharubu. Gözlük ni miwani. Gözlüklü ni mwenye miwani. Kazi inayofanywa na -enye kwetu, wao wanaifanya kwa kipande kimoja kinachobandikwa mwishoni, na irabu ya kipande hicho inaangalia irabu iliyoitangulia. Anayedhani huo ni uchawi wa Kituruki ajiulize kwa nini tunasema pigia lakini tunasema somea. Kisha akaniandikia neno jingine: akıllı. Hiyo ı isiyo na nukta inanisumbua mpaka leo, ila neno sikuhitaji kutafsiriwa. Akıl ni akili. Akıllı ni mwenye akili, na asiye nayo ni akılsız.

Bunda, wachuuzi walilizunguka basi: maji, mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi. Dirishani kwetu alikuja mama mwenye kofia pana ya ukili. Mpwa alishindwa kujizuia.

"Şapkalı kadın," akasema.

"Umesemaje?" Mama aliteremsha beseni. Sauti ilikuwa kavu. Nikajua sasa umeanza ule ukali.

"Nimesema mwanamke mwenye kofia, mama. Kwa Kituruki."

"Kofia tu? Na hizi ndizi huzioni?"

Ikabidi binti aongeze. Ndizi ni muz, nzuri ni güzel: güzel muzlu kadın, mwanamke mwenye ndizi nzuri. Mama alilirudia mara mbili, akapokea pesa yake, kisha akaondoka akilinadi neno hilo dirisha hadi dirisha. Bei hakupunguza hata shilingi.

Musoma tulifika tumechoka. "Yorgunum," alisema mpwa. Yorgun ni aliyechoka, na -um ndiyo mimi. Nimechoka yetu inaanza na mtu. Yao inamweka mkiani. Jioni tulitembea mwaloni tukatazama dagaa wakianuliwa, tukala sato, tukalala.

Asubuhi tulirudi hadi Makutano Juu, tukashika njia ya Butiama. Hatukuweza kupita bila kuingia Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1922 na kuzikwa hapo mwaka 1999. Jumba la makumbusho lina picha zake nyingi, na mbele ya mojawapo binti alifungua daftari. Kısa bıyıklı, mwenye masharubu mafupi. Beyaz saçlı, mwenye nywele nyeupe. Bastonlu, mwenye fimbo. Alifikiri kidogo, akaandika alçak gönüllü: alçak ni -a chini, gönül ni moyo, yaani mnyenyekevu. Lile nililitilia shaka. Masharubu picha inayaonyesha, unyenyekevu je? Akanijibu kwamba sarufi haibagui, vyote vinakaa mahali pamoja.

Bibi tulimkuta uani, akatukaribisha kwa ugali wa udaga na mtama na kuku. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniita mkwe, akaniambia nimekonda kama watu wote wa pwani. Alipokwisha kunieleza mimi, alimgeukia mjukuu.

"Na mimi kwa hicho Kituruki ni nani?"

"Babaanne. Mama yake baba. Baba ni baba, hata kwao."

"Niko vipi?"

"Yaşlı. Yaş ni umri. Mwenye umri. Kitu kikiwa cha zamani wanasema eski, lakini eski si ya kumwambia mtu mzima, bibi."

"Hata hapa mtu si kuukuu," alisema bibi. "Haya, endelea."

Binti alimtazama usoni, akasita. Mdomoni mwa bibi yamebaki meno ya kuhesabika. Nilimwona mpwa wangu akipima kati ya dişsiz, asiye na meno, na dişli, mwenye meno. Akachagua dişli, akaongeza kwamba Waturuki humwita hivyo pia mtu asiyeonewa kirahisi.

"Hilo andika," alisema bibi. "Na huyu mjomba wako mwongezee mboga, ashibe kabla hajarudi Tanga kutusema."