Nguru wa Sur Hana Kijiji

Mwishoni mwa Agosti tulisafiri kutoka Nizwa, tukapitia Ibra, hata tukafika Sur tukiwa na hamu moja kubwa: wali wa nazi na nguru wa kupaka. Asubuhi ya pili, baada ya sala ya alfajiri, tukaenda sokoni. Jodari walikuwapo, changu walikuwapo. Nguru, ambaye wenyeji humwita kanadi, hakuonekana hata kipande. Mzee mmoja aliyetusikia tukinung'unika alitujibu kwa Kiswahili cha Unguja: "Nguru kapumzishwa, wanangu. Rudini Oktoba."

Kweli, tangu tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba ya kila mwaka ni marufuku katika Oman kumvua nguru na kumuuza, na miezi mingine haruhusiwi kuvuliwa aliyepungua sentimita 65. Sheria hii haikuja bure. Mwaka 1988 nchi ilivua nguru zaidi ya tani 27,000. Miaka michache baadaye mavuno yalikuwa yameporomoka vibaya.

Lakini nguru huyu ni wa nani hata Sur impumzishe? Ndugu zetu mlioko Kanada mnamjua salmoni, ambaye hurudi kutaga katika mto aliozaliwa. Kwa hiyo wataalamu wakichukua kipande kidogo cha pezi lake, vinasaba huweza kuwaambia ametoka mto gani. Ni alama aliyozaliwa nayo, haidondoki kama kile kibandiko cha plastiki anachopachikwa mgongoni. Nguru naye alichunguzwa vivyo hivyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2006 ulitazama vinasaba ambavyo mama humrithisha mtoto, kwa samaki wa Ghuba, wa Bahari ya Oman na wa Bahari ya Uarabuni. Haukuona mgawanyiko: wote walionekana ukoo mmoja.

Basi Sur ikifunga peke yake, jirani atakula akiba yake. Ni heri kwamba Imarati nao hufunga miezi hiyo hiyo. Hata hivyo tusijidanganye kwamba, kwa kuwa ukoo ni mmoja, pakiisha hapa watakuja wengine upesi. Nguru wachache tu wakivuka kila kizazi, damu huchanganyika. Wachache hao hawajazi soko.

Tulipomweleza mzee habari hizi alicheka, akasema wavuvi wa Sur walijua zamani kwamba kanadi ni msafiri. Kisha akatupimia kilo mbili za jodari.