Kitako cha Bunduki ya Baba

Elimu ina ulevi wake, na mlevi wa elimu ni mgumu kuonywa, kwa sababu hujua kulijibu kila onyo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipata shahada ya udaktari kwa kuchambua lugha, nikadhani kuwa mkono ulioizoea kalamu hautashindwa na patasi.

Marehemu baba alikuwa bwana nyama katika misitu ya Tabora. Aliniachia bunduki ya Mauser, ya namna iliyoingia jeshini Ujerumani mwaka 1898, nami nimeiandikisha polisi kwa jina langu. Chuma chake kilikuwa kizima, walakini kitako chake kilikuwa kimeliwa na mchwa. Mwaka 2022 nilinunua ubao mnene wa mninga, mti usiosinyaa sana ukaukapo, nikaazimu kuchonga kitako kipya mwenyewe.

Kazi hii haitaki nguvu, hutaka subira. Chuma hupakwa masizi na mafuta, kikalazwa katika nafasi iliyochongwa, kisha kikainuliwa. Mahali palipoachwa weusi hukwanguliwa kidogo sana, chuma kikarudishwa tena, mara nyingi zisizohesabika. Chini ya chuma, kwa mbele, pana jino linaloegemea mti ulio nyuma yake. Jino hilo ndilo lichukualo teke la bunduki. Usiku wa tatu nilichoka, nikaipiga patasi kwa haraka. Nyuma ya jino pakabaki pengo nene kama sarafu.

Nililiziba kwa unga wa mbao na gundi nyeupe, nikasugua msasa, nikapaka mafuta. Wenzangu walikisifu kitako, nami nikazipokea sifa. Katika uwanja wa shabaha, risasi ya pili ilikipasua. Gundi ilipovunjika jino lilikosa egemeo, chuma kikarudi nyuma, na mkia wake ukaupasua mti kama kabari. Wahenga walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba kwa hila, na ukuta nikaujenga vile vile.

Niliiacha bunduki nyumbani chini ya kufuli, nikauchukua mti peke yake hadi Keko, Dar es Salaam, kwa seremala mmoja mzee. Aliupitisha ukucha katika unga uliobaki.

“Mwalimu, nani kafanya hivi?”

“Fundi mmoja,” nikajibu.

“Basi mwambie fundi huyo kuwa unga wa mbao si mbao. Hauna nyuzi, na kisicho na nyuzi hakivumilii teke.”

Nilinyamaza kitambo. Kisha nikasema, “Mzee, fundi huyo ni mimi.”

“Nilijua, mwanangu, tangu uliponijibu bila kunitazama.”

Alinielekeza, nami nikatenda. Niliuondoa unga wote mpaka nikafika penye mti mzima. Nikakata kiraka cha mninga ule ule, nyuzi zake zikifuata urefu wa mtutu, nikakigandisha kwa gundi ya epoksi. Ufa niliupanua kwa wembe, nikaupenyeza gundi hiyo, nikaufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikaungoja siku nzima. Halafu nikarudia masizi yangu tangu mwanzo. Nyuma ya mkia wa chuma niliacha mwanya mwembamba, ili usigeuke kabari tena. Mwisho nililipaka jino rangi ya viatu lisigandishwe, nikalilaza juu ya utando wa epoksi ili lipate egemeo kamili. Nilipiga risasi kumi, na kitako hakikulia.

Tangu siku hiyo nimezikagua karatasi zangu za mihadhara, nikakuta mapengo niliyoyaziba kwa maneno matamu pale ushahidi uliponipungukia. Yalipendeza kwa sababu hakuna aliyeyajaribu. Mwanafunzi mmoja aliponiuliza swali juu ya pengo mojawapo, nilitamani kumjibu kama nilivyomjibu yule mzee mara ya kwanza. Nikamtazama, nikasema, “Hapo nilikosea.”

Mstari wa kiraka unaonekana kila niitoapo bunduki katika mti wake. Sikuupaka rangi, wala sitaupaka.