Debre Libanos: Pango la Mtawa Aliyesali kwa Mguu Mmoja

Ewe msomaji wetu wa Kegonga, mvua inayonyesha kwenye vilima vyenu huishia Ziwa Viktoria, kisha hushika njia ya Nile hadi Khartoum. Pale hukutana na Nile ya Buluu, ambayo sehemu ya maji yake hutoka katika bonde moja lenye kina cha kutisha nchini Ethiopia. Juu ya bonde hilo ndipo ilipo Debre Libanos, makao ya watawa wa Kiorthodoksi tangu mwaka 1284.

Ukifika Addis Ababa, fuata barabara ya Gojjam kuelekea kaskazini, yapata kilomita 100. Ulizia usalama kwanza, maana mwaka 2024 wasafiri walitekwa nyara kwenye barabara hiyo hiyo. Utaona nyani wa gelada, wenye vifua vyekundu, wakila majani ukingoni. Utaonyeshwa pia daraja la mawe liitwalo la Wareno. Usidanganyike! Lilijengwa na Ras Darge, Mwethiopia halisi, katika karne ya 19.

Pango lenyewe liko mlimani, mwendo mfupi kutoka kanisani. Yasemekana mwanzilishi, Tekle Haymanot, alisali humo akiwa amesimama miaka mingi hadi mguu mmoja ukakatika, akaendelea na uliobaki. Maji hudondoka kutoka mwambani, nao mahujaji huyakinga kwa chupa wakiamini yanaponya.

Lakini kuna jambo ambalo ni vyema ulijue kabla hujateremka. Mnamo Februari 1937, wakati Waitalia wakiitawala Ethiopia, vijana wawili walimrushia mabomu Marshali Graziani mjini Addis Ababa. Aliponea chupuchupu, akawashuku watawa hawa. Mwezi Mei, watu wakiwa wamekusanyika kwa sikukuu, askari wake waliwazingira, wakawapakia kwenye malori na kuwapiga risasi mahali paitwapo Laga Wolde. Yeye mwenyewe aliripoti watawa 297, na siku chache baadaye mashemasi 129. Mtafiti Ian Campbell anakadiria kuwa waliouawa ni kati ya 1,800 na 2,200, mahujaji wakiwemo.

Kanisa kubwa utakaloingia, viatu ukiwa umeviacha mlangoni, lilijengwa baadaye, enzi za Haile Selassie. Wageni wengi huondoka na picha za nyani tu. Wewe mwulize mwenyeji iliko Laga Wolde.