Daktari si Mpiga Ramli

Nilipoombwa niandikie jarida letu mwaka huu sikutafuta mbali. Kaka yangu, kijana wa miaka 24, ni mgonjwa wa figo, na nyumbani kwetu swali ni moja tu: ugonjwa huu utafika wapi, na lini?

Madaktari huuita ugonjwa wa IgA wa figo. Wengine huuita wa Berger, kwa kuwa Jean Berger na Nicole Hinglais ndio walioueleza huko Paris mwaka wa 1968. Sisi wa Baiolojia twajua kwamba kila figo ina vichujio vidogo mno, yapata milioni moja. Sasa kingamwili iitwayo IgA, ambayo kazi yake ni kutulinda kooni na tumboni, hukwama katika vichujio hivyo. Vichujio huvimba, kisha hufanya makovu. Protini na damu ambazo zingebaki mwilini huvuja zikaingia mkojoni. Kaka aliumwa na koo Jumatatu. Jumatano mkojo ukawa na rangi ya strungi. Nyanya akasema ni kichocho tu, mbona watu wanaogopa? Kumbe sicho. Kaka alidungwa sindano mgongoni, kikatolewa kipande cha figo chembamba kama uzi, kikatazamwa kwa hadubini. Bila kipande hicho ugonjwa huu hauthibitishwi.

Mama alishika tama. "Daktari, niambie tu ukweli. Figo zitakufa ama hazitakufa?"

"Mama, mimi si mpiga ramli," daktari akajibu. "Lakini hesabu iko."

Hesabu yenyewe ilichapishwa mwaka wa 2019, baada ya watafiti kufuatilia wagonjwa zaidi ya 3,900 wa Ulaya, Amerika Kaskazini, Uchina na Japani. Huuliza umri, shinikizo la damu, protini inayopotea mkojoni, kiasi ambacho figo bado zinachuja, dawa anazotumia mgonjwa, na makovu yaliyoonekana katika kile kipande. Kisha hutoa asilimia: kati ya watu 100 walio kama wewe, wangapi watapoteza nusu ya nguvu za figo, au figo zao zitashindwa kabisa, katika miaka mitano ijayo. Ya Kaka ilitoka 12. Mama akauliza kama hao 12 wana majina. Daktari alinyamaza kidogo, akasema hapana, hesabu haijui majina.

Lipo jambo lililonikera. Hesabu hiyo huuliza pia asili ya mgonjwa: Mzungu, Mchina, Mjapani, au wengineo. Yaani sisi ndio wengineo! Ni kweli ugonjwa huu huonekana sana Asia ya Mashariki, na kwa nadra kwa Waafrika. Lakini naona asiyetafutwa ataonekanaje, ikiwa ni lazima sindano na hadubini? Bahati njema ipo hesabu ya pili isiyouliza asili, na ndiyo aliyoitumia daktari. Hata hivyo, iliundwa kwa wagonjwa wale wale wa mbali, kwa hiyo ile 12 mimi huishika kwa mkono mmoja.

Kaka haketi akiingoja. Protini ikipungua mkojoni, makovu huchelewa, hilo daktari alilikariri mara tatu. Anameza losartani kila siku, dawa ambayo hushusha presha na protini pia. Chumvi amepunguza mno. Nyanya hulalamika kwamba githeri yetu siku hizi ni chakula cha wafungwa, lakini anaila. Mwanzoni Kaka alipoteza gramu 1.8 za protini kwa siku. Baada ya miezi sita ilikuwa 0.7.

Mwaka wa 2022 watafiti waliirekebisha hesabu ile iweze kufanywa tena mwaka mmoja au miwili baada ya sindano. Zamu ya Kaka ni likizo ya Agosti. Amekwisha pewa dumu la kukusanyia mkojo wa saa 24. Liko nyuma ya mlango wa bafu, na Nyanya ameonya kwamba atakayelichukua kuendea maji mtoni atajua kilichomtoa kanga manyoya.